Mistari ishirini isiyo na saa

Karatasi ilikuwa moja tu, imechapwa upande mmoja, na juu yake palikuwa na mistari ishirini ya amri za kompyuta. Mkurugenzi aliisukuma taratibu juu ya meza hadi ikafika mbele ya kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, akamwambia, "Soma mwenyewe, mwanangu, kisha utuambie." Kijana akaisoma kuanzia juu. Nilikuwa nimeketi karibu na dirisha, na niliona kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, kikipumzika mahali alipozitambua amri zake, kikiendelea kushuka, halafu kikakwama kwenye mstari wa pili kutoka chini, ulioandikwa rm -rf safi. Akainua macho. Hakumtazama mkurugenzi, alinitazama mimi.

"Kaka, hizi za juu ni zangu. Hii ya kufuta si yangu."

Karatasi ile niliichapa mimi.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu tulikuwa tumekuta folda iitwayo safi haipo kwenye seva yetu. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya floridi vya visima na chemchemi za miteremko ya Meru, vilivyokwisha kukaguliwa na kupangwa, na yeyote aliyesoma shule ya msingi huku Arusha akaona meno ya wenzake anajua kwa nini namba hizo zinatuuma. Nakala ya Alhamisi usiku ilikuwapo, kwa hiyo kilichopotea hasa kilikuwa kazi ya asubuhi moja, na folda niliirudisha mahali pake kabla ya saa nne. Lakini mkurugenzi hakuuliza kama vipimo vimepatikana. Aliuliza nani amefuta.

Akaunti ilikuwa moja, ikiitwa vipimo, na tuliitumia watu sita kwa neno la siri moja. Mimi ndiye mtunzaji wa seva hiyo. Niliingia, nikaomba mistari ishirini ya mwisho ya faili la .bash_history, ambamo Bash, programu inayopokea amri zetu, huweka kumbukumbu ya kila amri iliyoandikwa, nikaituma kwenye printa. Kazi nzima haikufika dakika mbili. Mistari ya kijana ilionekana waziwazi, kwa sababu ilitaja folda ya ripoti yake ya chuo, na baada yake ikafuata mistari mingine minane, ikiwamo ule wa kufuta. Ijumaa ile umeme ulikatika mchana, wengi wakaondoka mapema, na kila mtu alikumbuka kwamba aliyebaki akifanya kazi kwa kompyuta yake ya mkononi alikuwa yeye.

Aliambiwa akae nyumbani hadi atakapoitwa. Barua ya kwenda chuoni kwake ilianza kuandikwa siku hiyohiyo.

Sikusema kitu.

Kidole

Kilichonikosesha raha wiki tatu zilizofuata kilikuwa kile kidole. Kijana aliyetaka kujiokoa angeweza kusema kwamba akaunti ni ya watu sita na kwamba hakuna hata mstari mmoja uliokuwa na jina lake, na hapo asingekuwa na wa kumjibu. Badala yake alizikiri amri zake zote kumi na mbili bila kuulizwa, akaikana moja. Nilijaribu kujiambia kwamba huo ndio ujanja wenyewe wa mtu mwongo, lakini maneno hayo hayakukaa moyoni, kwa sababu nilimfahamu. Ndiye aliyekuwa akiniuliza kabla ya kufuta hata faili lake mwenyewe la majaribio.

Kulikuwa na jambo lingine, ambalo kulikubali kulikuwa kugumu zaidi. Nimetumia Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, kwa zaidi ya miaka kumi. Kila siku nimebonyeza mshale wa juu kuirudisha amri ya jana, na kila siku nimebonyeza Ctrl na R kuitafuta ile ya mwezi uliopita. Lakini hapo dirishani, mkurugenzi alipokuwa akizungumza, nilijiuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza, na sikuwa na jibu lake: mstari ule uliandikwa ndani ya faili saa ngapi?

Sikuuliza aliyeuandika aliuandika saa ngapi. Hilo lilikuwa halimo kabisa kwenye karatasi. Swali langu lilihusu faili lenyewe, na wakati gani hasa Bash hulifungua na kuweka mstari.

Nilikuwa nimemweka mtu kizimbani kwa ushahidi wa chombo ambacho sikujua kinavyofanya kazi.

Madirisha mawili

Jibu nililipata usiku mmoja nyumbani Sakina, kwa jaribio ambalo mtoto wa kidato cha kwanza angeweza kulifanya. Nilifungua madirisha mawili ya amri kwenye kompyuta yangu, yote mawili kwa akaunti moja. Katika la kwanza niliandika amri tatu, nikaliacha wazi. Katika la pili niliandika amri nyingine tatu, kisha nikalifunga. Nikanywa maji. Nikarudi nikalifunga lile la kwanza, halafu nikalisoma faili.

Amri za dirisha la kwanza, nilizoziandika mapema zaidi, zilikuwa chini. Za dirisha la pili zilikuwa juu yake.

Nilirudia mara nne, nikibadilisha mpangilio, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Bash haiandiki amri kwenye faili pale unapobonyeza kitufe. Inazishika kwenye kumbukumbu yake wakati wote wa kipindi, na inazimwaga kwa mkupuo mmoja kipindi kinapofungwa. Watu wawili wakiwa ndani kwa akaunti moja, faili linafuata mpangilio wa walivyotoka, wala halina habari na nani alitangulia kuandika nini. Na kwa kuwa seva yetu haikuwa imewekewa HISTTIMEFORMAT, mpangilio unaoifanya Bash iandike muda wa kila amri, hapakuwa na muda wowote kando ya mistari. Mpangilio wa uwongo ulisimama peke yake na ukaonekana kama mfuatano wa matukio.

Niliketi pale kitandani nimeshika tama. Mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Nilimwambia kwamba huenda kuna mtu nimempaka matope.

Chombo kilichokuwa cha vidole

Kesho yake nilisoma kile nilichopaswa kukisoma miaka kumi iliyopita. Historia ya amri ilienea kupitia C shell, programu ambayo Bill Joy aliiandika akiwa Berkeley, California, mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye Brian Fox alipoiandika Bash kwa mradi wa GNU, toleo la kwanza likatoka mwaka 1989, nayo ikaibeba. Shabaha yake ilikuwa kuviokoa vidole: alama mbili za mshangao zinarudia amri ya mwisho, nawe huna haja ya kuandika upya mstari mrefu kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa. Ni msaada wa kumbukumbu kwa aliyeziandika amri, kama orodha ya soko ambayo mama huiacha mfukoni mwa kanga ili wiki ijayo asianze upya.

Ukilitazama faili hilo kwa macho hayo, mapungufu yake yote yanaeleweka, kwa sababu hayamsumbui mwenye orodha. Halisemi ulikuwa folda ipi ulipoandika amri, kwa kuwa wewe unajua. Kwenye Ubuntu na Debian, ambazo ni aina za Linux, akaunti mpya huja na mpangilio wa HISTCONTROL unaoacha kuandika amri iliyoanza kwa nafasi tupu, na pia amri iliyorudiwa mfululizo, kwa kuwa hutaki takataka. Linaweka mistari elfu mbili tu, kisha ya zamani inadondoka. Mwenyewe anaweza kulihariri kama faili lolote lake. Seva ikizimika ghafla, amri za vipindi vilivyokuwa wazi hupotea zote, na hakuna anayelalamika.

Hayo yote ni sawa kabisa kwa orodha ya soko.

Sisi tulikuwa tumeipeleka orodha hiyo mbele ya mkurugenzi tukaiita shahidi.

Saa nne zilizokosekana

Sasa nilikuwa na shaka, lakini shaka peke yake isingemrudisha kijana. Nilihitaji kujua kilichotokea, na nilikitafuta mahali ambapo nilipaswa kuanzia.

Amri ya last husoma kumbukumbu za kuingia na kutoka, ambazo mfumo wenyewe huziandika, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuzigusa. Kwa Ijumaa ile ilinionyesha vipindi viwili vya akaunti ya vipimo vilivyopishana. Kimoja kilitoka kwenye anwani ya kompyuta ya mezani katika chumba cha maabara, kikaanza 10:32 na kuisha 15:01. Cha pili kilitoka kwenye kompyuta ya mkononi ya kijana, kikaanza 13:20, yaani saa saba na dakika ishirini mchana, na kuisha 14:40.

Kwa hiyo aliyetoka mwisho hakuwa kijana. Lakini hili lilinichanganya zaidi, kwa sababu umeme ulikatika kama saa saba kasoro dakika kumi, kompyuta ya mezani ya maabara haina betri, na mzee anayeitumia alikuwa ameondoka kwenda kuswali Ijumaa. Ni nani aliyekuwa kwenye kompyuta iliyozimika hadi saa tisa?

Hakuwepo mtu. Hapa ndipo nilipotumia siku mbili, na ndipo ninapotaka msomaji apasikilize kwa makini, kwa kuwa kukatika kwa umeme si habari ngeni kwa yeyote kati yetu. Kompyuta ikizimika ghafla haiiagi seva. Seva yetu, iliyokuwa ikiendelea kwa betri za sola, haikujua kwamba upande wa pili hakuna mtu; iliendelea kukishika kipindi kile wazi, kama mtu anayesubiri simuni bila kujua kwamba mwenzake ameishiwa chaji. Linux kwa mpangilio wake wa kawaida husubiri sekunde 7,200 za ukimya ndipo igonge mlango kuuliza kama mwenzake yupo, kisha hugonga mara tisa, kwa nafasi ya sekunde 75, kabla ya kukata tamaa. Jumla yake ni saa mbili na dakika kumi na moja. Ongeza hizo kwenye saa saba kasoro dakika kumi, utafika saa tisa na dakika moja, dakika ileile iliyoandikwa na last. Hapo ndipo kipindi cha mzee kilipofungwa, na hapo ndipo Bash ilipozimwaga amri zake za asubuhi ndani ya faili, chini ya amri za kijana aliyekuwa ameondoka dakika ishirini kabla.

Bado nilihitaji muda wa kufutwa kwenyewe. Folda inapofutwa, folda mama iliyokuwa imeibeba hubadilishwa tarehe yake ya marekebisho. Kwenye seva nilikuwa nimekwisha kuiharibu tarehe hiyo kwa mikono yangu, Jumatatu ile nilipokuwa na haraka ya kuirudisha safi mahali pake. Hilo nalo ni kosa langu. Lakini nakala ya Ijumaa usiku ilichukuliwa kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, kwa namna inayotunza tarehe za folda kama zilivyo. Niliifungua, nikaiuliza kwa amri ya stat. Ikajibu 12:47.

Saa sita na dakika 47. Kijana alikuwa bado hajaingia.

Nilikwenda maabara nikamwamkia mzee, nikamwuliza kama anakumbuka kufuta folda siku umeme ulipokatika. Alifikiri kidogo tu. "Nilifuta ile ya majaribio, kijana wangu, kabla sijakwenda msikitini. Si nayo iliitwa safi?" Nayo iliitwa hivyo. Zilikuwa mbili zenye jina moja, moja ndani ya folda ya majaribio na nyingine ndani ya folda ya kazi, naye alikuwa amerudi hatua moja nyuma bila kuona. Umeme ukaondoka na skrini yake kabla hajapata nafasi ya kushtuka. Wiki tatu hakuna aliyemwuliza lolote, kwa sababu tayari tulikuwa na karatasi. Nilipomwambia yaliyompata kijana, aliivua miwani akaiweka mezani, akasema twende kwa mkurugenzi sasa hivi, na akatangulia yeye.

Nilichokiona nisichokitafuta

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo sikumweleza mkurugenzi, na ninaieleza hapa kwa kuficha yanayopaswa kufichwa.

Nilipoanza uchunguzi wangu wa pili sikuishia kwenye mistari ishirini. Nililisoma faili lote. Humo nilikuta neno la siri la kanzidata la mwenzetu mmoja, aliloliandika moja kwa moja kwenye mstari wa amri badala ya kusubiri programu imwulize, na neno hilo lilikuwa limejengwa kwa jina la mtoto wake na mwaka. Nilikuta pia kwamba mtu fulani kati ya wale sita alikuwa amefungua mara nyingi faili ambalo jina lake lilionyesha wazi kuwa ni barua ya kuomba kazi kwingine, likitaja na mahali.

Sikulifungua faili hilo. Sikuhitaji. Jina lilitosha, na tangu siku hiyo kila tunapokunywa chai pamoja najua kitu ambacho mwenzangu hakunipa ruhusa ya kukijua. Hakuna amri ya kukifuta kitu hicho kichwani mwangu.

Nilijitetea kwanza kwamba nina haki ya mtunzaji wa seva. Root, yaani mtumiaji mkuu wa seva, anaweza kusoma kila kitu. Ndiyo maana ya kuwa root. Lakini fundi wa kufuli anaweza kufungua kila nyumba ya mtaa, na hatujawahi kusema kwamba uwezo huo ni ruhusa. Wale sita walipoandika amri zao hawakuwa wakiniandikia mimi. Hawakuambiwa kwamba zinatunzwa, wala kwa muda gani, wala kwamba siku moja zitachapwa na kuwekwa mezani. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inataja haki ya mtu kuheshimiwa faragha yake na ya mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisigeuzwe kutumika kwa jambo jingine. Nilikuwa nimezisikia sheria hizo kwenye semina, nikidhani zinayahusu makampuni ya simu.

Pendekezo la mkurugenzi

Mkurugenzi ni mtu mwadilifu. Alipoelewa, barua ya chuoni aliichana mbele yetu. Lakini alitoka na funzo tofauti na langu. Kwake tatizo lilikuwa kwamba kumbukumbu hazitoshi. Akapendekeza kila mtumiaji awe na historia isiyofutika, faili lake lifungwe kwa chattr +a ili liweze kuongezwa tu bila kupunguzwa, na kila usiku nakala za wote zikusanywe sehemu moja ambayo mimi na yeye tutaweza kuzisoma.

Nilikaa na pendekezo hilo juma zima, kwa kuwa nusu yake niliikubali. Mahali panapotumiwa na wengi panahitaji kujua nani alifanya nini. Asiyelikubali hilo hajawahi kumwona asiye na hatia akishindwa kujitetea. Kama kungekuwa na kumbukumbu ya kweli Ijumaa ile, kijana asingelala nyumbani hata usiku mmoja.

Ila si kumbukumbu hii. Kufuli la chattr linazuia kufuta kilichokwisha kuandikwa. Halimzuii mtu kuielekeza HISTFILE, inayosema historia iandikwe wapi, kwenye /dev/null, shimo linalomeza kila kinachoandikwa humo, kabla ya kuanza, au kutanguliza nafasi tupu, au kuziweka amri zake ndani ya hati moja ambayo katika historia itaonekana kama mstari mmoja usio na neno, au kukiua kipindi chake kwa nguvu kabla hakijaandika. Mwenye nia mbaya atayajua yote hayo kwa nusu saa ya kusoma. Watakaobaki wakichungulika ni wasio na habari, kama yule mwenye barua ya kuomba kazi. Tungekuwa tumeweka mlinzi anayempekua anayeingia na mfuko wa mboga, na kumwacha apite anayeruka ukuta.

Nilimweleza hivyo, na hakupenda. Aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Wewe unawaonea huruma watumiaji, au unajionea huruma wewe kwa ulichokisoma?"

Nilimjibu kwamba ni yote mawili.

Tulichokubaliana mwishowe kilianza na jambo ambalo lilipaswa kufanyika siku ya kwanza: akaunti ya pamoja ilifungwa, na kila mtu akapewa yake. Folda za kazi zikawa za kikundi kimoja, zikawekwa alama ileile inayowekwa kwenye folda ya /tmp, inayozuia mtu kuondoa kisicho chake hata kama ana ruhusa ya kuandika humo. Kwa akaunti tofauti na alama hiyo, amri ya mzee ingekataliwa na hadithi hii isingekuwapo. Nasikitika kila ninapolifikiria hilo, kwa sababu ni kazi ya dakika moja.

Historia ya kila mtu ikabaki mali yake, faili linalosomwa na mwenyewe peke yake. Niliwasha HISTTIMEFORMAT kwa wote, nayo huacha juu ya kila amri namba ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, ili angalau mwenye orodha ajue saa za mambo yake. Kisha nikawaita wote, nikawafundisha kuondoa mstari kwa history -d, na kutowahi kuandika neno la siri kwenye mstari wa amri. Mkurugenzi aliona ajabu kwamba nawafundisha watu kufuta. Nilimwambia kwamba orodha ni yao.

Kwa ushahidi tuliweka auditd, ambayo hupokea taarifa kutoka kwenye kiini cha Linux kwenyewe pale programu inapoanzishwa: saa, maneno yote ya amri, folda aliyokuwamo mtu, na namba ya aliyeingia mwanzo, ambayo haibadiliki hata akijigeuza kuwa mwingine kwa su au sudo. Folda na saa, vitu viwili ambavyo karatasi yangu haikuwa navyo. Tuliitangaza kwenye kikao, tukabandika tangazo linaloonekana kila mtu anapoingia, na tukaandika kwamba kumbukumbu zinakaa siku 90, zinafunguliwa kwa tukio linalotajwa kwa maandishi, mbele ya watu wawili, na mmoja wao ni yule anayetuhumiwa kama anataka kuwapo.

Sijatulia bado. Auditd inabeba maneno yote ya amri, kwa hiyo hata neno la siri lililoandikwa vibaya linaingia humo, na humo mwenyewe hawezi kulitoa. Jina la barua ya kuomba kazi lingeingia humo pia. Nimepunguza kwa kuiwekea kanuni zinazotazama folda za kazi tu, na kuacha folda binafsi za watu, lakini kila kanuni ninayoiondoa ni siku ambayo huenda mtu mwingine atakosa saa yake ya 12:47. Mizani hiyo naishika kila juma, na kila juma mkono unatetemeka.

Barua

Nilisema kwamba radhi nitaiomba mwenyewe, nyumbani kwao Moshi. Mama wa uhasibu, ambaye ni Mchaga wa Machame, aliposikia aliniita pembeni. "Mwanangu, huendi kule mikono mitupu. Chukua sale." Mimi ni mtu wa Singida, ilibidi anieleze kwamba jani hilo, likifungwa na kupelekwa na aliyekosa, ni ombi ambalo Mchaga hulikataa kwa shida sana. Alilikata kwenye ua wake, akalifunga fundo mwenyewe, akaliweka ndani ya gazeti.

Nilipanda basi la asubuhi. Tulipita Tengeru, Usa River na Kikatiti, na mpaka Boma Ng'ombe nilikuwa bado nayapanga maneno. Kibo kilikuwa kimefunikwa.

Mama yake alinipokea mlangoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, karibu baba." Nilimpa jani kabla sijaketi. Alilitazama, akanitazama, akalipokea kwa mikono miwili, akalipeleka ndani bila neno, kisha akarudi akakaa akanisikiliza hadi mwisho. Nilieleza yote, pamoja na kwamba karatasi niliichapa mimi na kwamba siku ile nilinyamaza. Kijana alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Alisema amekwisha kupata nafasi kwingine, hatarudi, na kwamba hana kinyongo, lakini chuoni maneno yalifika kabla ya barua kuchanwa, na msimamizi wake alimwuliza.

Nilikuwa nimekuja na barua ya kumsafisha, yenye sahihi na mhuri wa mkurugenzi. Nikampa. Akaisoma kuanzia juu, kidole kikishuka mstari kwa mstari kama siku ile, kikafika chini, kikarudi katikati kikasimama.

"Kaka, haina saa."

Ilisema kwamba uchunguzi umebaini hakuhusika. Nilidhani hilo linatosha.

"Wakisoma hivi watasema mmenionea huruma," akasema. "Andika saa zote. Yangu ya kuingia na ya kutoka, na ile ya kufutwa."

Nilirudi Arusha na basi la saa kumi. Usiku niliiandika upya, nikaweka 12:47 na ilikotoka, 13:20, 14:40 na 15:01, na chini yake maelezo ya sekunde 7,200 kwa maneno ambayo msimamizi yeyote wa chuo angeyafuata. Mkurugenzi aliitia mhuri asubuhi, na kabla ya saa nne nilikuwa stendi nikiikabidhi kwa kondakta wa basi la Moshi.